Pizza ni Mkate, na Mkate Tunaujua

Hotuba kwa akina mama wapishi na vijana wanaojifunza upishi, Ngamiani, Tanga. Nimeiandika kama nilivyoizungumza, na maswali nimeyaacha mahali yalipoulizwa.

Mheshimiwa mgeni rasmi, mama mwenyekiti, wazee wetu, mama zangu, dada zangu, na nyinyi vijana mliosimama mlangoni kwa kukosa viti: assalamu alaykum. Bwana Yesu asifiwe. Nawashukuru kwa kunialika, na nawashukuru zaidi kwa kuniruhusu nije na jiko.

Mama mwenyekiti aliniomba nizungumzie pizza, tangu unga ukiwa mkavu mpaka inapofika mezani. Alinieleza kwamba wateja wanaiulizia, watoto wanaililia, na jibu linalotoka kila nyumba ni moja: hatuna oveni. Mimi ni mwoka mikate. Kazi yangu iko kati ya unga na moto, na nimekuja kuwaambia jambo moja. Pizza ni mkate. Ni mkate bapa wenye hamira, uliopakwa kitoweo kidogo kabla ya kuiva. Anayejua kukanda, anayejua kusubiri unga uumuke, anayejua kupalia makaa juu ya kifuniko, huyo sehemu ngumu ameshaimaliza. Na humu ndani wanaojua hayo ni wengi kuliko mnavyojihesabu. Nani hapa hajala mkate wa mofa? Nani hajamwona bibi yake akimimina mkate wa mchele kwenye sufuria, akafunika, akapanga makaa juu? Hiyo ndiyo oveni. Pwani hii ilikuwa nayo kabla umeme haujafika.

Kwanza niseme kidogo pizza ilikotoka, kwa sababu mtu akiona kitu ni cha wakubwa hukiogopa. Pizza tunayoijua leo ilikulia Napoli, mji wa bandari kusini mwa Italia. Sisi wa Tanga maisha ya bandari hatuhitaji kuelezwa: wachukuzi, mabaharia, wavuvi, watu wanaotoka alfajiri na mchana hawana pa kupikia. Watu wa namna hiyo ndio walioila kwanza. Mkate bapa ulitoka tanuruni, umepakwa kitu kidogo cha kuupa ladha, ukakunjwa na kuliwa kwa mkono barabarani. Kilikuwa chakula cha maskini. Inasimuliwa kwamba mwaka 1889 Malkia Margherita alipotembelea Napoli alitengenezewa pizza ya nyanya, jibini jeupe na majani ya rihani, rangi tatu za bendera ya Italia, na tangu hapo ikaitwa kwa jina lake. Wanahistoria wanakibishia kisa hicho, lakini jina limebaki. Na mwaka 2017 UNESCO, shirika la Umoja wa Mataifa la elimu, sayansi na utamaduni, iliuingiza ufundi wa waoka pizza wa Napoli katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu. Naomba mwangalie kilichoingizwa. Ni ufundi wa mikono: kukanda, kutandaza, kuoka. Hakuna aliyeorodhesha mashine.

Hata nyanya yenyewe Waitaliano waliipokea. Ilivuka bahari kutoka Amerika katika karne ya 16, kama mahindi na mihogo na pilipili tunazoziona leo ni za kwetu tangu Adamu.

Najua kuna atakayeniuliza juu ya pizza ya Forodhani, kule Unguja. Ni chakula kizuri na mimi nakipenda, lakini ni cha ukoo mwingine: unga mwembamba usio na hamira, unakunjwa na yai na nyama ndani yake, unakaangwa kwenye chuma. Leo nazungumzia ile inayoumuka.

Tuingie jikoni. Kwa pizza tatu za ukubwa wa sahani ya kulia, chukueni unga wa ngano gramu 500, maji gramu 310, chumvi gramu 10 na hamira kavu robo ya kijiko cha chai. Basi. Asiye na mizani apime vikombe vinne vya unga, kikombe kimoja na robo cha maji, na vijiko viwili vya chai vya chumvi visivyojaa. Maziwa hayamo, yai halimo, siagi haimo. Sukari si lazima, ila kwenye majiko yetu ambayo joto lake ni dogo kuliko la tanuru, kijiko kimoja cha chai kinasaidia mkate kupata rangi. Ukitia, sikugombezi.

Unga wenyewe uangalieni pembeni ya mfuko, palipoandikwa protini. Ukikuta gramu 11 au 12 kwa kila gramu 100 za unga, huo chukua. Wenye 9 unafaa keki; kwenye pizza utakatika mikononi. Protini ya ngano ikikutana na maji na kukandwa hushikana ikawa wavu, na kazi ya wavu huo ni kuinasa gesi inayotolewa na hamira. Wavu ukiwa dhaifu gesi inatoroka na mkate unalala. Ndiyo maana tunakanda. Hatukandi ili kuchanganya. Kuchanganya kunamalizika dakika ya kwanza.

Sasa hamira, na hapa naomba mnisikilize vizuri. Maelezo mengi ya pizza yanayotufikia yameandikiwa watu wa nchi za baridi. Yanasema maji ya uvuguvugu, yanasema pakiti nzima ya hamira, yanasema weka unga mahali penye joto. Tanga nzima ni mahali penye joto! Wakati wa kaskazi, kufika saa sita mchana maji ya bomba yenyewe yana uvuguvugu. Hamira ni kiumbe hai. Inakula sukari iliyomo kwenye unga na kutoa gesi, na kadiri joto linavyopanda ndivyo inavyokimbia, mpaka kwenye nyuzi 55 hadi 60 inapokufa. Ukifuata maelezo ya Ulaya katika mwezi wa pili hapa Tanga, ndani ya saa moja unga umefurika bakuli, una harufu kali ya hamira, na ukiutandaza unanata na kuchanika. Basi ufanye kinyume chake: hamira kidogo, maji ya baridi, muda mrefu. Kaskazi tumieni maji yaliyotoka kwenye friji. Kusi likiingia na hewa ikapoa, maji ya mtungini yanatosha.

Kwa nini nasisitiza muda? Kwa sababu ladha ya mkate haitoki kwenye pakiti. Hamira ikipewa muda, na viumbe vingine vidogo vilivyomo kwenye unga vikapewa muda, vinatengeneza uchachu kidogo na harufu ile inayomfanya mpita njia asimame mlangoni kwako. Mkate ulioumuka saa moja na mkate ulioumuka saa tano ni vitu viwili tofauti, hata kama unga ulitoka mfuko mmoja. Bibi zetu waliumua kwa tembo la mnazi na hawakuharakisha. Kwa kipimo nilichowapa, unga uliokandwa saa mbili asubuhi unakuwa tayari kati ya saa sita na saa saba mchana. Mwenye friji akande jioni, aufunike, auweke ndani, atautoa kesho au kesho kutwa. Unga wa kesho kutwa ndio mtamu zaidi. Utoeni saa moja na nusu kabla ya kuoka upoteze ubaridi.

Tazameni mkono wangu. Unga nimeshauchanganya na maji, na chumvi naitia sasa. Nausukuma mbele kwa kiganja, naukunja kuja kwangu, naugeuza robo, nasukuma tena. Mwanzo unanata, na mtu asiyezoea anakimbilia kuongeza unga mkavu. Msiongeze. Acheni mikono ifanye kazi, dakika 10 hivi, na mtaona unaanza kuachia meza wenyewe. Ukichoka, funika, pumzika dakika 10, rudi. Unga nao unajishika ukiwa umetulia. Sasa nakata kipande, nakivuta kwa vidole pande zote taratibu, nakielekeza dirishani. Mnaviona vidole vyangu upande wa pili? Mwanga unapita na unga haujachanika. Hapo umekandika. Kingechanika kabla sijaona vidole, ningerudi mezani.

Pitisheni kipande hiki, kila mmoja akishike. Ulaini huo ndio wa kuukumbuka, maana unga haufanani mfuko kwa mfuko, na siku za mvua unavuta unyevu hewani ukataka maji pungufu. Gramu zinakufikisha karibu, vidole vinamalizia.

Ukishakandika, upakeni mafuta kidogo, uufunike kwa kifuniko au kitambaa kibichi usipate ngozi juu. Ukiumuka mpaka uwe maradufu, gaweni madonge matatu, kila moja kama gramu 270, myaviringe kwa kuvuta ngozi yake kwenda chini mpaka juu kuwe laini. Funikeni tena, saa moja.

Wapishi wa chapati, hapa tunaachana kidogo. Wekeni mbali mti wa kusukumia. Ukiusukuma unga huu kwa mti unaitoa gesi yote tuliyoisubiri tangu asubuhi, na pizza inatoka ngumu kama… inatoka ngumu, nisitafute mfano. Tumieni ncha za vidole. Bonyezeni kuanzia katikati kwenda nje, muache ukingo wa upana wa kidole bila kuugusa. Kisha liinueni donge, mlitundike juu ya ngumi mbili, mzunguke nalo. Uzito wake wenyewe unalivuta. Likirudi nyuma kila ukilivuta, halijapumzika. Lifunike dakika 15, litakusikia. Chini yake nyunyizeni sembe kidogo, inazuia kunata na inaungua polepole kuliko unga wa ngano.

Nyanya. Wanapoli hawapiki mchuzi wa pizza. Wanaponda nyanya, wanatia chumvi, wanapaka. Inaivia juu ya mkate. Kwetu inawezekana, kwa sharti moja, maji. Nyanya zinazoshuka kutoka Lushoto ni nzuri sana, lakini zile za mviringo zina maji mengi. Chagueni zile ndefu zenye umbo la yai, nyama nyingi na mbegu chache, ziwe zimeiva mpaka zinalegea. Zikateni nusu, mzikwaruze upande wa nyama mpaka ganda libaki mkononi. Tieni chumvi, mmimine kwenye chujio, mziache dakika 20. Mtashangaa maji yatakayodondoka, na maji hayo yangeingia kwenye mkate wenu. Kinachobaki tieni kitunguu saumu kilichopondwa na kijiko cha mafuta. Ya zeituni mwenye nayo atie. Alizeti inafanya kazi nzuri na inatoka hapa hapa nchini. Nyanya za kopo za kusaga zile nyekundu sana mimi sizitii, zina ladha ya kupikwa mara mbili.

Jibini ndilo linalowatisha wengi kwa bei, na naomba niwaondolee woga kwa njia mbili.

Ya kwanza: katika pizza mbili kongwe za Napoli, moja haina jibini kabisa. Inaitwa marinara. Ni nyanya, kitunguu saumu, jani kavu la origano na mafuta. Basi. Jina lake ni la mabaharia, na hata hivyo haina samaki. Mwoka mikate hupimwa kwa pizza hiyo, maana hakuna cha kuuficha unga mbaya. Mama asiye na hela ya jibini leo hajakosa pizza leo.

Ya pili: mkoa wetu unajulikana nchi nzima kwa maziwa, na kule Usambara, Irente nje kidogo ya Lushoto, jibini linatengenezwa. Jibini la pizza ni mozzarella, lile linalovutwa kwenye maji ya moto sana mpaka likawa na nyuzi, na kilo moja inataka maziwa lita 10 hivi, kwa hiyo bei yake haishangazi. Kwa pizza moja inatosha gramu 80 hadi 100. Wapo akina mama wanaotengeneza jibini la nyumbani: wanachemsha lita moja ya maziwa, wanatia vijiko viwili au vitatu vya maji ya ndimu, yanakatika, wanachuja kwa kitambaa. Ni jibini zuri na salama, lakini lifahamuni: haliyeyuki. Jibini lililogandishwa kwa ndimu na moto hubaki punje punje hata uliweke kwenye tanuru. Lichanganyeni na chumvi na mafuta, mlitawanye, mlile kwa ladha yake. Msilingoje livutike.

Ya juu mengine nitayapita haraka. Nyama ya kusaga ipikwe na ikauke kwanza. Nyama mbichi haipati muda wa kuiva salama. Pweza achemshwe mpaka alainike, akatwe vipande vyembamba. Kamba waingie dakika za mwisho. Mchicha uchemshwe ukamuliwe. Hoho na vitunguu vikatwe vyembamba. Tui la nazi sishauri, linalowesha. Na vyote hivyo kwa kiasi: nyanya vijiko vitatu vya chakula kwa pizza moja, kitoweo kiwe kiasi cha mkate kuonekana katikati yake. Najua sisi wa pwani ukarimu wetu ni kujaza sahani. Kwenye pizza mlundikano unageuka maji, maji yanazuia unga kuiva katikati, na mgeni anakula ugali wa ngano.

Rihani nimelitaja. Mnalo uani, mnalitia kwenye vikuba na asumini. Hilohilo, lenye jani laini na harufu tamu, ndilo wanalolitumia kule. Chumeni wenyewe, mwoshe, mwonje jani moja kwanza, maana kuna aina kali sana, na kivumbasi kitawashinda ulimi. Litieni pizza ikishatoka motoni. Likipikwa linakuwa jeusi na harufu yake inaenda.

Mama pale nyuma ameuliza: “Yote tumesikia, moto je?” Mama, hapo ndipo nilipotaka kukaa.

Tanuru la kuni la Napoli linapita nyuzi joto 430, na pizza inaiva kwa sekunde 60 hadi 90. Oveni ya umeme ya nyumbani inafika nyuzi 250 hivi, na pizza inakaa dakika 8 hadi 12. Sufuria yetu iliyopaliwa vizuri inaisogelea oveni hiyo. Pizza inataka mioto miwili kwa wakati mmoja. Chini inataka chuma cha moto kinachougusa unga, ushtuke, upande, upate ganda kabla nyanya haijaulowesha. Juu inataka joto linaloshuka kutoka kwenye kifuniko, liyeyushe jibini na kuupa ukingo rangi. Anayefunika kikaango bila makaa juu anapata mvuke, na mvuke hauoki. Chini kunaungua, juu kumebaki kweupe.

Chukueni sufuria nzito, yenye kitako kinene, pana, isiyo na kina kirefu ili kifuniko kiwe karibu na pizza. Kifuniko kiwe cha bati, bapa, bila kishikio cha plastiki. Washeni mkaa wa kutosha kwa pamoja, msubiri mpaka wote uwe mwekundu na uanze kuvaa jivu. Mkaa mweusi bado unatoa moshi, na moshi utauonja kwenye jibini. Kisha gaweni: theluthi moja ibaki chini, theluthi mbili zipande juu ya kifuniko, nyingi pembezoni, chache katikati. Acheni sufuria tupu ipate moto dakika 10. Jaribuni kwa kunyunyiza unga kidogo kwenye kitako. Ukigeuka kahawia taratibu, ingieni. Ukiungua papo hapo na kutoa moshi, ondoeni makaa mawili matatu chini.

Laza unga ndani ukiwa mtupu. Utauona unaanza kuvimba mapovu. Hiyo ni gesi ya tangu asubuhi. Hapo hapo, kwa kijiko chenye mpini mrefu na kitambaa mkononi, paka nyanya, tawanya jibini, funika. Dakika 8 msifungue. Mkifungua, inueni kifuniko kwa koleo, kikiwa sawasawa, mkisogeze pembeni kwanza ndipo muinamishe kichwa, maana jivu likidondoka hakuna wa kulitoa. Nyanyueni ukingo kwa mwiko bapa mtazame chini. Kukiwa na madoa ya kahawia na juu bado, ondoeni sufuria kwenye jiko, muiache na moto wa juu peke yake. Juu kukiwahi, fanyeni kinyume. Pizza nyingi zinatoka kati ya dakika 10 na 15.

Jambo moja nalisema kwa uzito wote. Mkaa unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na inaua. Okeni uani, barazani, au madirisha na milango ikiwa wazi. Mvua ikinyesha, msiingize jiko chumbani mkafunga mlango kwa ajili ya pizza, wala kwa ajili ya kitu kingine chochote.

Dada mmoja anayepikia gesi ameinua mkono. Swali lake ni kwamba nyumba aliyopanga mwenye nyumba hataki mkaa. Njia ipo, dada yangu. Weka kikaango kizito kwenye moto wa wastani, laza unga mtupu, funika dakika 3 mpaka chini kupate rangi. Ugeuze. Upande ulioiva sasa uko juu, huo ndio unaoupaka nyanya na jibini. Punguza moto, funika mpaka jibini liyeyuke, futa matone ya maji kwenye kifuniko mara moja njiani. Ukingo hautakuwa na madoa meusi ya tanuru, lakini utakula mkate ulioiva pande zote.

Kijana ameuliza kuhusu kuuza. Swali zuri, na ndilo lililowaleta wengi. Mwanangu, anza na marinara na moja ya jibini, usiandike aina kumi ukutani. Kabla ya kutaja bei, andika kwenye daftari gharama ya donge moja, gharama ya nyanya, ya jibini, ya mkaa, na ya muda wako, huo wa mwisho vijana huusahau. Uza kwa vipande kwa wanaopita na nzima kwa wanaoagiza. Sufuria moja inatoa pizza nne mpaka tano kwa saa, kwa hiyo ukipata wateja usiongeze kelele, ongeza sufuria. Na unga ukande jana yake. Anayekanda mteja akiwa amesimama atamuuzia hamira.

Bibi mmoja hapa mbele ameninong’oneza kuhusu donge linalobaki. Bibi, lifunike, liweke kwenye friji, linakaa siku mbili tatu. Asiye na friji aliongeze kwenye unga mpya wa kesho, litaupa ladha. Au alitandaze jioni ileile, alitoboe kwa uma lisivimbe, alipake maji na ufuta, alipalie bila kitu kingine. Kwa chai ya tangawizi halitabaki.

Makaa yameshavaa jivu, na sufuria ina dakika zake kumi. Madonge yako chini ya kitambaa kile cheupe. Dada wa gesi, nawa mikono, uje utandaze la kwanza. Wengine shikeni mstari hapa upande wa dirishani, na mwenye kifuniko cha pili ajongee na koleo.